Uzio wa uandishi (diski pacha)

Uzio wa uandishi ni mpangilio katika mitambo ya kuhifadhi data unaoamua kama diski kuu iendelee kupokea data mpya pale inaposhindwa kuifikisha kwa pacha yake ya mbali. Huhusu hasa urudufishaji wa papo kwa papo, ambapo seva haipewi jibu kwamba data imeandikwa mpaka pacha nayo iwe imeipokea. Mwanga husafiri ndani ya faiba takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kituo cha pili kikiwa umbali wa km 100, kila uandishi huongezewa kama milisekunde 1, kwenda na kurudi.

Chimbuko

Suala hili lilikuja na mitambo mikubwa ya miaka ya 1990. IBM iliweka kigezo cha CRIT katika urudufishaji wake wa PPRC. EMC, iliyotoa urudufishaji wa SRDF mwaka 1994, iliuita mpangilio wake Domino.

Viwango vya TrueCopy

TrueCopy ya Hitachi ndiyo yenye mgawanyo ulio wazi zaidi. Diski kuu huitwa P-VOL na pacha S-VOL. Jozi ikiwa salama husomeka PAIR. Hitilafu ikiivunja, husomeka PSUE. Fundi huchagua kiwango cha uzio anapounda jozi kwa amri ya paircreate, kwa kigezo cha -f kinachofuatwa na neno moja kati ya data, status na never.

Data ndicho kikali kuliko vyote. Nakala isipofika, kwa sababu yoyote ile, P-VOL hukataa kuandikwa. S-VOL haiachwi nyuma hata kwa muamala mmoja, lakini faiba ikikatwa na mashine ya kuchimba mitaro, huduma nzima husimama ilhali diski kuu haina ubovu wowote.

Never ni kinyume chake: P-VOL haizuiwi kamwe. Hupendwa na wakuu wa biashara, na hufaa kwa data inayoweza kurejeshwa kwa njia nyingine.

Status kiko katikati, na ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi. P-VOL hujaribu kwanza kuipa S-VOL hali ya PSUE. Ikifaulu, uandishi unaendelea, kwa kuwa yeyote atakayeikagua S-VOL ataona kwamba haifai kuaminiwa. Ikishindwa, kwa mfano njia zote za mawasiliano zikiwa zimekatika, uandishi unazuiwa. Sababu ni kwamba S-VOL iliyokatiwa mawasiliano huendelea kusomeka PAIR kana kwamba hakuna kilichotokea. Uandishi ukiachwa uendelee, kisha moto ukazuka kituo kikuu saa moja baadaye, fundi wa kituo cha pili atafungua nakala iliyochakaa akidhani ni ya dakika ile ile. Chini ya Never hatari hiyo inabaki, na inambidi fundi atafute ushahidi kwingine, kwa mfano katika kumbukumbu za seva, kabla ya kuitumia nakala hiyo.

Kiwango si lazima kiwe kimoja kwa diski zote, ila kuchanganya viwango bila hesabu ni hatari. Hifadhidata huandika logi kabla ya data yenyewe. Pacha ya logi ikisimama huku ya data ikiendelea, kituo cha pili hubaki na seti isiyolingana. Ndiyo sababu diski za mfumo mmoja hufungwa katika kundi moja, zisimame pamoja.

Kuondoa uzio

Jozi iliyozuiliwa chini ya Data inaweza kuvunjwa kwa amri ya pairsplit -S. P-VOL hurudi kuwa diski ya kawaida na kupokea uandishi, lakini rekodi ya sehemu zilizobadilika hupotea, na mawasiliano yakirudi sharti data yote inakiliwe upya. Kwa diski za terabaiti nyingi, hiyo ni kazi ndefu, na muda wote huo kituo cha pili hakina nakala ya kutegemewa.

Upande wa seva nao husahaulika. Mfumo wa faili wa ext4 ukikataliwa kuandika jarida lake hujigeuza kuwa wa kusoma tu, na hubaki hivyo hata diski ikifunguliwa, mpaka ushushwe, ukaguliwe na kupandishwa tena. Mipango mingi ya dharura huishia kwenye diski na kuiacha hatua hii.

DRBD

Uzio upo pia katika DRBD, programu huria ya urudufishaji ya kampuni ya LINBIT ya Vienna, iliyoingia katika kiini cha Linux toleo la 2.6.33 mwaka 2010. Ina sera tatu za uzio: dont-care, resource-only na resource-and-stonith. Ya mwisho haikatai uandishi bali huusimamisha, seva ikisubiri hadi mwenzake adhibitiwe, ikibidi kwa kuzimwa.

Hali ya sasa

Mifumo ya karibuni huelekea kwenye kura ya wengi. Global-active device ya Hitachi hutumia diski ya tatu kama mwamuzi, na Ceph husimamisha uandishi pale nakala zilizo hai zinapopungua chini ya kiwango cha min_size.