Wakara na Ardhi ya Mchanga

Wakulima wengi, waonapo shamba limechoka, husema dawa yake ni kuhama. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za watu ambao hawakuwa na pa kuhamia.

Ukara ni kisiwa kidogo katika Ziwa Viktoria, kaskazini ya Ukerewe. Udongo wake mwingi ni mchanga uliotokana na majabali. Watu walikuwa wengi hata ardhi ya kupumzishwa ikawa haba mno. Mwaka 1936 habari za kilimo chao zilipigwa chapa Tanganyika, nazo zilikuwa hivi.

Ng'ombe walifungwa nyumbani, wakakatiwa majani na kuletewa. Samadi yao haikutupwa, bali ilikusanywa na kuchukuliwa shambani. Tena Wakara hawakuulazimisha mchanga kuzaa usichokiweza. Walipanda uwele, ambao huvumilia mchanga na ukame kuliko mahindi. Katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde. Uwele ulipokwisha kuvunwa, marejea yaliendelea kukua, kisha yakafukiwa yangali mabichi, yakaoza na kuurutubisha udongo. Katika zamu nyingine walipanda njugu mawe, nazo ni za jamii hiyo hiyo. Mizizi ya mimea hiyo ina vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huvuta naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mimea.

Lakini liko jambo la kutufikirisha. Wakara waliohamia Ukerewe na bara, walikokuta ardhi tele, wengi waliziacha kazi hizo. Hawakuwa wamezisahau, ila kazi ilikuwa nzito, na ardhi mpya ilizaa pasipo taabu ile. Hatuwalaumu, maana nasi tu hivyo hivyo: maadamu liko pori la kufyeka, samadi huachwa zizini. Hata pori likiisha, mashamba yote yamekwisha kuchoka, na watoto wetu hawakuona mfano wa kuufuata.

Basi tusingoje kubanwa kama watu wa kisiwani. Tuanze na kipande kimoja nyuma ya nyumba. Mtunza shamba katika Injili ya Luka, alipoona mtini hauzai, hakuomba shamba jingine. Aliomba mwaka mmoja tu, apate kuchimba kandokando yake na kuutia mbolea.