Swichi ya reli

Swichi ya reli, iitwayo pia pointi, ni mtambo unaoiwezesha treni kuhama njia moja kwenda nyingine. Sehemu yake kuu ni ndimi mbili za chuma, yaani vipande vya reli vilivyochongwa nchani vikawa vyembamba, ambavyo huunganishwa kwa fito ili visogee pamoja: ulimi mmoja unapobana reli ya pembeni, wa pili huacha mwanya wa kupitishia ukingo wa gurudumu. Mbele yake, pale reli mbili zinapokatana, huachwa pengo, na kwa kuwa hapo gurudumu hupoteza mwongozo kwa kitambo, reli ya ulinzi hulishika lile la upande wa pili lisipotoke.

Swichi ya kawaida hugawa njia moja kuwa mbili. Ile ya mkato maradufu, inayofaa stesheni zenye nafasi finyu lakini yenye matunzo ya kuchosha, huruhusu njia mbili zinazokatana kupokezana treni. Swichi za kale zisizo na ndimi, zilizotumika sana Marekani katika karne ya 19, zilisogeza reli zenyewe, hivyo treni iliyotokea njia isiyounganishwa iliacha reli. Ndimi husukumwa kwa wenzo wa mkono au mota ya umeme, kisha hufungwa kwa komeo.