Chombo cha Dola 99

Huenda wewe msomaji umepata kufungua redio ya nyumbani ili uone kilichomo ndani, ukakemewa na wazee. Basi zisikilize habari za watu waliofungua chombo walichokinunua kwa fedha zao wenyewe, na aliyewauzia akachukizwa.

Mwishoni mwa mwaka 1999, kampuni ya Netpliance ya mji wa Austin, katika jimbo la Texas, Marekani, ilianza kuuza chombo kidogo kilichoitwa i-opener. Kilikuwa na kioo chembamba, kibodi, na waya wa kuchomeka katika tundu la simu. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kurasa za intaneti na kupeleka barua, basi. Kwenye kibodi palikuwa hata na kitufe cha kuagizia piza! Bei ya dola 99 haikutosha gharama za kukitengeneza. Usidhani ya kuwa wenye kampuni hawakujua hesabu: walitumaini kurudisha fedha zao kidogo kidogo, kwa ada ya dola 21.95 ambayo kila mteja angelipa kwa mwezi.

Walakini chombo hicho kilikuwa kompyuta kamili, ila hakikuwa na diski. Programu zake zilikaa katika kumbukumbu ndogo ya megabaiti 16. Mwezi wa Machi 2000, fundi mmoja wa Las Vegas aliona ya kuwa ubao wa ndani ulikuwa na mahali pa kuunganishia diski, lakini pini zake zilipangwa kinyume cha desturi, hata waya wa dukani haukufaa. Akatengeneza waya uliogeuzwa, akaunganisha diski, na chombo kikaendesha programu alizozitaka yeye. Habari zilipoenea, watu wakavikimbilia vyombo hivyo madukani. Wengine walitumia tundu la USB kukiunganisha na mtandao wa nyaya wa nyumbani, wasihitaji tena simu wala ada ya kampuni.

Kwa Netpliance, kila chombo kilichouzwa namna hiyo kilikuwa hasara tupu. Ikabadili masharti, ikapandisha bei, na vyombo vilivyofuata vikatoka na gundi ngumu juu ya pini. Mafundi nao wakatafuta njia ya kuibandua.

Ni nani aliyekuwa na haki? Sisemi kwamba mafundi walikuwa watakatifu. Walijua vema ni nani aliyekuwa akiwalipia sehemu ya bei. Lakini mimi naona kosa kubwa lilikuwa la muuzaji. Hapo kwanza aliuza pasipo mkataba wa kumfunga mnunuzi, kisha akataka gundi ifanye kazi ya mkataba. Na kitu kikisha kununuliwa, bisibisi ni ya nani?

Biashara ile haikudumu. Mwaka 2001 kampuni ilijiita TippingPoint, ikashika kazi nyingine kabisa: kutengeneza mitambo ya kulinda mitandao ya watu isiingiliwe na wasioalikwa.