Umeacha sindano za kujenga misuli? Namna mwili unavyorudia kutengeneza testosteroni yake

Makala hii ni kwa mwanaume wa Carama au mtaa mwingine wa Bujumbura, mkimbizi au mwenyeji, aliyetumia sindano au vidonge vya steroidi ili kuongeza misuli, na sasa ameacha au anataka kuacha.

Kwa nini unajisikia dhaifu?

Korodani hutengeneza testosteroni kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ukiiingiza homoni hiyo kutoka nje, ubongo huona imetosha na kuacha kutoa amri. Korodani husinyaa, na mbegu za kiume hupungua au huisha. Dawa inapokwisha mwilini, korodani bado hazijaamka. Ndiyo maana unachoka, hamu ya tendo la ndoa inapungua, uume hausimami vizuri na moyo unajaa huzuni.

Itachukua muda gani?

Katika utafiti wa Uholanzi uliofuatilia wanaume 100, wengi walirudi kwenye kiwango cha kawaida cha testosteroni miezi 3 hivi baada ya kuacha. Lakini utafiti wa Denmark ulikuta baadhi ya watumiaji wa zamani wangali na kiwango cha chini hata baada ya miaka 2. Kadiri ulivyotumia kwa muda mrefu, ndivyo mwili unavyochelewa. Mbegu za kiume huweza kuchelewa zaidi. Hata hivyo, usitegemee hali hiyo kuzuia mimba.

Ulitumia dawa gani hasa?

Jina "steroidi" lina dawa za aina mbili. Prednisolone na dexamethasone, ambazo wengine humeza ili wanenepe, si testosteroni. Kama umezimeza kwa wiki kadhaa, usiziache ghafla: unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kuzirai, hata kufa. Daktari atakupunguzia kidogo kidogo. Nenda na boksi au chupa ya dawa uliyotumia.

Ufanye nini sasa?

- Usirudie sindano ili kuondoa uchovu. Kila sindano inaanza upya kazi ya kusubiri.
- Usinunue jimu au famasi dawa za "kuamsha" homoni bila daktari. Zipo kweli, lakini hutolewa baada ya vipimo.
- Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, omba barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, kama ile ya chuo kikuu iliyoko Kamenge. Ukiwa mkimbizi, beba kitambulisho chako.
- Damu ya kupima testosteroni hutolewa kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla ya kula, na hurudiwa siku nyingine. Uliza bei kwanza.
- Kama mlichangia sindano, pima pia virusi vya UKIMWI na homa ya ini B na C.
- Mwambie daktari ukweli wote. Ni siri kati yenu, na bila ukweli huo atatibu kitu kingine.
- Lala vya kutosha, kula, endelea na mazoezi mepesi, punguza pombe.

Usisubiri

Ukipata maumivu ya kifua, jipu mahali ulipochomwa sindano, au mawazo ya kujiua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie ndugu au rafiki unayemwamini akusindikize. Huzuni hii inatokana na homoni iliyopungua, na inatibika.