KIPINDUPINDU CHA ZIWANI: NI SAMAKI AU NI MAJI?

Somo la leo ni la historia, nayo ni historia ya ugonjwa.

Kipindupindu kikiingia katika miji ya ziwani, watu huulizana: tumekula nini? Na wa kwanza kushtakiwa ni dagaa. Je, mtu atajuaje ukweli? Akiwauliza wagonjwa peke yao, hataujua. Wagonjwa wa Ujiji watasema walikula dagaa. Lakini wazima nao walikula dagaa! Nani Ujiji asiyewala? Basi yafaa aulizwe mgonjwa, aulizwe na jirani yake mzima, kisha majibu yao yalinganishwe.

Ndivyo ilivyofanywa mwaka 1992 huko Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya ziwa letu hili hili, kaskazini ya Kigoma. Tangu tarehe 9 Aprili hata 31 Mei watu 318 walilazwa hospitalini kwa kipindupindu. Wachunguzi waliwauliza wagonjwa 56, na pamoja nao watu 112 wasiougua. Ikaonekana kwamba waliooga ziwani, na waliokunywa maji ya ziwa, ndio walioshikwa zaidi. Maji nayo yakapimwa. Vijidudu vya kipindupindu vilipatikana katika maji ya ziwa. Katika maji ya bomba havikupatikana.

Je, samaki ameshinda kesi? Bado. Mwaka 1997 kipindupindu kilizuka Ifakara, katika bonde la Kilombero, mbali na ziwa letu. Uchunguzi wa namna ile ile ulionyesha mambo matatu: kuoga mtoni, kukaa mbali na mahali pa kuteka maji, na kula samaki wakavu.

Hapa tuwe waangalifu. Vijidudu hivi hufa kwa moto. Samaki aliyepikwa akaiva vizuri, akaliwa angali moto, hana hatia. Hatari ni yule aliyeoshwa kwa maji machafu, au kushikwa kwa mikono michafu, kisha akaliwa bila kupikwa tena. Mimi naona mwuza dagaa wa Kibirizi hulaumiwa mara nyingi kwa kosa la maji.

Sasa chukueni kalamu. Katika mtaa mmoja wagonjwa ni 10, na 9 kati yao walikula dagaa. Wazima walioulizwa ni 10, na 9 kati yao walikula dagaa. Je, dagaa ndio walioleta ugonjwa? Andikeni jibu lenu na sababu yake.