Uzio wa mbwa usioonekana

Uzio wa kielektroniki, ambao Mmarekani Richard Peck aliupatia hataza mwaka wa 1973, hauna nguzo wala seng'enge. Waya uliofunikwa kwa plastiki huzungushwa mpakani mwa uwanja na kufukiwa sentimita chache ardhini. Ncha zake mbili husokotwa pamoja hadi kwenye mtambo wa kurusha mawimbi ya redio ulio ndani ya nyumba. Palipo na msokoto mawimbi hujifuta, na mbwa hupita salama.

Mbwa huvishwa ukanda wenye kipokezi. Akiukaribia waya husikia mlio wa onyo. Akizidi kusonga, hupigwa na mshtuko mfupi wa umeme. Kwa hivyo kazi kubwa si kuchimba bali kumfunza: huongozwa kwa kamba kila siku kando ya bendera ndogo zinazoonyesha mpaka, hadi azoee kurudi nyuma asikiapo mlio.

Hata hivyo, uzio huu humzuia mvaa ukanda pekee. Mbwa koko na wezi huingia watakavyo. Naye mbwa atorokaye kwa pupa huenda akasita kurudi, kwani mshtuko humngoja mpakani. Wales ilipiga marufuku kanda hizo mwaka wa 2010 ili kuwakinga wanyama na mateso.