Kukatika kwa Mawasiliano ya Redio katika Fainali ya Roboti ya St. Louis, 2012

Katika kata ya Sekei, jijini Arusha, mawasiliano ya redio yakikatika ni rahisi kuulaumu Mlima Meru. Lawama hiyo ina msingi, kwa kuwa miinuko huzuia mawimbi. Hata hivyo, sababu inayoonekana haraka yaweza kuificha nyingine. Historia ya mashindano ya roboti ya wanafunzi yanayoendeshwa na taasisi ya FIRST ya Marekani inalithibitisha hilo, ingawa fainali zake za tarehe 28 Aprili 2012 zilichezwa St. Louis, ndani ya uwanja uliofunikwa paa, pasipo mlima wa kusingiziwa.

Kila mchezo ulidumu dakika 2 na sekunde 15, roboti tatu zikishindana na tatu kutia mipira kapuni. Kila timu ilikuwa na mtandao wake uliolindwa kwa nywila, na roboti ilipokea amri kupitia kifaa cha redio kilichofungwa juu yake. Kifaa hicho kikipoteza mawasiliano, roboti ilisimama papo hapo. Ndivyo ilivyotokea tena na tena siku ile, kwa timu zilizokuwa zimefika fainali bila shida kubwa. Kwa mazoea, mashaka huanzia kwa timu yenyewe: waya umelegea, betri imechoka, programu ina kasoro.

FIRST haikuridhika na mazoea hayo. Roboti za fainali zilikusanywa upya zikajaribiwa, na mwezi Julai taarifa ya uchunguzi ikatolewa hadharani. Ilibainika kwamba mtu mmoja alitumia simu ya mkononi kujaribu kuingia katika mitandao ya timu kwa nywila isiyo sahihi. Simu haikufanikiwa kuingia, wala haikuhitaji kufanikiwa. Jaribio lililokataliwa lilitosha kuikatia roboti mawasiliano. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini kuubisha tu kulimtoa nje aliyekuwamo.

Thamani kubwa ya taarifa hiyo ni kwamba haikumtwika mtu huyo kila kosa, jambo ambalo lingekuwa rahisi na lingewafurahisha wengi. Ilieleza pia hitilafu zisizohusiana na simu, baadhi zikiwa ndani ya roboti zenyewe. Matokeo hayakubadilishwa: timu namba 180, 25 na 16 zimebaki katika kumbukumbu kama mabingwa wa mwaka 2012.